TARAKILISHI BUBU NA DEREVA WAKE

Mhariri aliniambia nilete insha au shairi. Shairi lilinishinda ubeti wa pili, vina vikagoma kabisa. Nikamwuliza kama naweza kueleza habari ya mashine katika jarida la lugha, naye akakubali, mradi nisiandike Kiingereza. Basi leo nataka kuwaeleza jinsi ya kumtafuta dereva wa kadi ya sauti katika tarakilishi. Si dereva wa probox ya kwenda Ikonge, la! Huyu ni dereva mwingine kabisa, na aliniletea aibu ambayo sitaisahau.

Nianze na pahali penyewe. Wale mnaokuja kwenye chama siku ya Alhamisi mnajua kwamba chumba chetu si chumba hasa, ni pembe ya maktaba nyuma ya kabati la vitabu. Pana meza moja, viti vitano, na tarakilishi moja aina ya Dell OptiPlex 780 iliyofanya kazi kwingine miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Inatumia Windows 7. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwa hivyo mlezi wetu ameamuru isiunganishwe na intaneti hata kwa dakika moja. Spika zake ni mbili ndogo, moja imefungwa kwa selotepu.

Kwa wengi wetu hiyo tarakilishi ni ya kuandikia mashairi na kuchapa jarida. Lakini yuko mwenzetu mmoja ambaye kwake ni kitu kingine. Nitamwita Redio, maana ndivyo tunavyomwita darasani, kwa sababu kila asubuhi hutusimulia taarifa ya Egesa FM kabla ya kengele, hadi matangazo ya vifo. Redio haoni vizuri. Alipokuwa shule ya msingi alikuwa bado anasoma vitabu vyenye maandishi makubwa, sasa hata hayo yanamponyoka. Anaona mwanga na vivuli vya watu. Ubaoni haoni kitu. Mlezi wa chama humchapia maelezo ya masomo na kuyahifadhi katika tarakilishi, kisha Redio hukaa pale baada ya masomo, saa kumi hadi saa kumi na moja, akisomewa na mashine.

Ndiyo, akisomewa na mashine. Programu inayofanya kazi hiyo inaitwa NVDA. Ilianzishwa mwaka wa 2006 huko Australia na Michael Curran, kijana ambaye mwenyewe haoni. Baadaye alisaidiwa na James Teh ambaye pia haoni. Walikataa kuiuza, kwa hivyo hutolewa bure hadi leo. Inachukua kila neno lililo kwenye skrini na kulitamka. Ndani yake mna sauti iitwayo eSpeak, kazi iliyoanzishwa na Mwingereza Jonathan Duddington, na kati ya lugha zake nyingi kimo Kiswahili. Matamshi yake si ya Mvita wala Unguja, ni kama mtu aliyejifunzia Kiswahili kwa barua. Lakini anasoma! Wenye Windows 7 kama sisi wasihangaike na matoleo mapya ya NVDA, kwa sababu ya mwisho kufanya kazi humo ni yale ya 2023.3.

Sasa fikiria, ewe msomaji, mashine kama hiyo ikinyamaza. Kwako wewe na mimi ni usumbufu tu wa kukosa muziki. Kwa Redio ni sawa na mtu kuingia darasani akazima taa, akafunga vitabu vyote na kuondoka navyo.

Ilinyamaza Jumatatu moja ya muhula wa pili, wiki mbili kabla ya mitihani. Ijumaa iliyotangulia tulikuwa tumefanya usafi mkubwa kwa ajili ya mkutano wa wazazi, meza zikahamishwa, vumbi likapanguswa, nyaya zikachomolewa na kurudishwa. Mkumbuke hilo la nyaya. Mimi sikulikumbuka.

Redio alikaa, akabonyeza vitufe vyake vya kuiwasha NVDA, yaani Ctrl, Alt na N kwa pamoja, akangoja. Jii! Akabonyeza tena. Jii! Akaniambia, "Bwana, leo huyu amekula nini?" Mimi, kwa vile nilikuwa nimesoma Kompyuta tangu kidato cha kwanza na watu wakaanza kuniita fundi, nilimsukuma kidogo kando nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Hii ni dereva. Kesho utasikia."

Kabla sijaendelea na kisa, wacha nieleze dereva ni nini, maana hata mimi wakati ule nilikuwa nalisema neno tu.

Ndani ya tarakilishi sauti si sauti. Ni tarakimu. Wimbo ulio katika diski ya CD umekatwa vipande 44,100 kwa kila sekunde moja, na kila kipande ni namba inayoeleza wimbi la sauti lilikuwa limefika wapi wakati huo. Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia kama 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na wataalamu waligundua kwamba lazima upime angalau mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa usije ukapoteza kitu, ndiyo maana ikapita kidogo 40,000. Spika haijui namba. Spika inajua umeme unaopanda na kushuka, ambao unasukuma ngozi yake kama ngozi ya ngoma. Kadi ya sauti ndiyo inayosimama katikati na kugeuza namba kuwa umeme.

Zamani hapakuwa na kadi. Tarakilishi ya IBM iliyotoka mwaka wa 1981 ilikuwa na kispika kimoja cha kulia "pii!" basi. Mwaka wa 1989 kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo, ilitoa kadi iliyoitwa Sound Blaster, ikaenea dunia nzima. Mwalimu wetu wa Kompyuta anasema wakati huo ilibidi uiambie kila programu kadi iko anwani gani na inapitia njia ipi. Anwani 220, namba ya 5, namba ya 1, bado anazikariri kama sala. Ukikosea moja tu, kimya, au mashine nzima inaganda. Kuanzia Windows 95 mashine ikaanza kujitambulia vifaa vyenyewe. Siku hizi kadi si kadi tena, ni kijidude kidogo kilichogandishwa kwenye ubao mkuu wa mashine, kwa utaratibu ambao Intel iliutoa mwaka wa 2004. Lakini bado tunaiita kadi kwa mazoea.

Sasa dereva. Twende soko la Chebilat, mpakani mwetu na Wakipsigis. Magokoro wangu, yaani nyanya, amepeleka ndizi, na mama Mkipsigis amekuja na maziwa. Magokoro anajua Ekegusii peke yake. Yule mama anajua Kikipsigis peke yake. Watauziana vipi? Wanahitaji mtu wa katikati anayejua lugha zote mbili. Windows ni magokoro, kadi ya sauti ni yule mama wa maziwa, na dereva ndiye mkalimani. Dereva si kifaa cha kushikwa, ni programu ndogo inayochukua maneno ya Windows na kuyaeleza kwa lugha ambayo kadi ile, na si nyingine, inaielewa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo laiti ningalijua mapema. Ukimletea magokoro mkalimani hodari wa Kijaluo, awe hodari namna gani, yule mama wa maziwa hataelewa neno. Ubora wake hausaidii. Dereva wa kadi ya kampuni hii hafanyi kazi kwa kadi ya kampuni ile, hata kama zote zinaitwa kadi za sauti na zinafanana kwa macho.

Turudi kwenye aibu yangu. Jumatatu jioni nilikwenda sokoni Ekerenyo, nikamwomba rafiki yangu anayefanya kazi saiba anipe dereva wa sauti. Akanipa wa Realtek, kwa sababu ndiye kila mtu huwa naye. Realtek ni kampuni ya Taiwan na vijidude vyake vimo katika tarakilishi nyingi sana, kwa hivyo watu wamezoea kudhani kwamba Realtek ndilo jina la sauti yenyewe. Niliubeba katika flashi diski kama mtu aliyebeba dawa.

Jumanne nilijaribu kumwingiza. Mashine ikakataa, ikasema haioni kifaa kinachomhusu huyu dereva. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaamua kulazimisha. Kuna njia ya kulazimisha: unafungua orodha ya vifaa, unaiambia mashine kwamba utachagua dereva wewe mwenyewe, unaondoa ile alama inayosema ionyeshe wanaofaa peke yao, ndipo unamchagua umtakaye. Inatokea onyo kwamba Windows haiwezi kuthibitisha kama dereva huyu anapatana na kifaa chako na kwamba haikushauri kuendelea. Nikalisoma onyo lote. Nikabofya ndiyo. Nywila ya msimamizi nilikuwa nayo, imeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi (mlezi, tafadhali uihamishe).

Mashine ilipowaka tena, penye jina la kadi ya sauti palikuwa na pembetatu ya manjano yenye alama ya mshangao, na ukifungua unaambiwa kifaa hiki hakiwezi kuanza, kosa la 10. Yaani nimemleta Mjaluo, nikamfukuza mkalimani aliyekuwapo.

Ungedhani nilikoma. Jumatano nilirudi na kitu kingine kutoka mahali pengine, fungu kubwa linalodai kuwa na madereva wote wa duniani na kwamba litatafuta lenyewe. Lilitafuta kweli. Likaingiza madereva wa vifaa ambavyo hata hatuna shida navyo, na pamoja nao programu tatu tusizoziomba, moja ikipiga kelele za maandishi mekundu kwamba mashine ina makosa mamia na inataka kulipwa ndipo iyaondoe. Tarakilishi ikawa nzito kama lori la majani chai mlimani. Sauti bado hakuna. Mlezi alipokuja kuchapa barua akakuta maandishi mekundu, akaizima, akafunga kabati kwa ufunguo, na kusema hakuna mtu wa kuigusa mpaka ajue nani kafanya hivyo.

Redio aliendelea kuja saa kumi. Alikaa kwenye kiti kile, mbele ya kabati lililofungwa, na kumwomba yeyote aliyekuwa karibu amsomee. Wengine walimsomea. Wengine walikuwa na mitihani yao. Siku moja nilimwona akiwa peke yake ameinamia daftari la Historia, pua imekaribia kugusa karatasi, akisogeza kichwa polepole kana kwamba ananusa maneno. Nilipita nyuma ya dirisha nikaenda zangu nyumbani.

Jumatano iliyofuata nilimwendea mlezi nikamwambia ni mimi. Nilitarajia kiboko cha maneno. Aliniangalia kitambo, kisha akasema, "Basi utaitengeneza wewe mwenyewe. Lakini kila hatua utaiandika daftarini kabla ya kuifanya, na utaniambia kwa nini." Makala haya yametoka katika daftari hilo, kwa hiyo mkiyaona marefu mjue kisa.

Hatua ya kwanza tuliyoandika ilikuwa kuondoa uchafu. Tuliziondoa zile programu tatu, kisha tukamwendea dereva wa kulazimishwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, orodha ya vifaa vyote itafunguka. Tafuta sehemu ya sauti, bofya jina la kadi kwa upande wa kulia wa kipanya, kisha chagua kumwondoa. Mtakapoulizwa, wekeni alama ya kumfuta kabisa katika mashine. Wengi husahau alama hiyo, kisha mashine ikiwaka inamrudisha yule yule, mtu anadhani amerogwa. Baada ya hapo iamuru mashine ichunguze vifaa upya.

Tulipofanya hivyo, lo! Pembetatu ya manjano ilitoweka. Windows ilikuwa imeleta dereva wake yenyewe. Kumbe tangu toleo la Vista, Windows huja na dereva wa jumla anayeweza kuzungumza na karibu kila kadi iliyofuata utaratibu ule wa Intel wa 2004. Mlezi, kwa vile ni mwalimu wa Kiswahili, aliruka kwa furaha. Akasema, "Si huyo ndiye Kiswahili!" Na kweli. Pale Chebilat watu hawatafuti mkalimani siku zote. Mgusii na Mkipsigis wanapatana kwa Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake, na biashara inaenda. Si lugha ya mama ya yeyote kati yao, lakini ndizi zinauzwa.

Isipokuwa sauti bado haikutoka.

Nikasema basi Kiswahili hakitoshi, kadi hii inataka lugha yake ya mama. Mlezi akaniuliza lugha yake ni ipi. Nikanyamaza. Siku zote hizo sikuwa nimejiuliza kadi yenyewe ni ya nani!

Hili ndilo jambo ninalotaka mlikate mliweke mfukoni. Kila kifaa kina kitambulisho kama kipande cha mtu mzima. Katika orodha ile ile ya devmgmt.msc, fungua kadi ya sauti mara mbili, nenda kwenye ukurasa wenye maelezo marefu, na katika menyu yake chagua kitambulisho cha kifaa. Utaona mstari mrefu wa kutisha. Usitishike. Tafuta herufi VEN na DEV. VEN ni ukoo, yaani kampuni iliyotengeneza kijidude. DEV ni jina lake mwenyewe. VEN_10EC ni Realtek. VEN_14F1 ni Conexant, VEN_1106 ni VIA, VEN_111D ni IDT. VEN_8086 ni Intel, na hapo wamejifurahisha, kwa sababu 8086 ni jina la kichakato chao maarufu cha mwaka wa 1978. Ukiona VEN_1002 au VEN_10DE, hiyo ni sauti ya AMD au Nvidia inayopitia waya wa skrini, si ya spika zako, usipoteze muda nayo.

Ya kwetu ilisema VEN_11D4, DEV_194A. Ukoo wa 11D4 ni Analog Devices, kampuni ya Marekani, na 194A ni kijidude chao kiitwacho AD1984A. Hakuna Realtek hapo kwa dawa wala kwa sumu. Dakika moja ya kusoma ingeniokoa siku zote zile.

Ukishajua ukoo, usikimbilie kwenye kampuni ya kijidude. Nenda kwanza kwa aliyeunda tarakilishi nzima, kwa sababu ndiye anayejua alikiunganisha vipi. Mashine za Dell zina kibandiko chenye herufi na tarakimu saba. Ukiziandika katika tovuti yao unaonyeshwa madereva wa mashine hiyo hasa. Mlezi alitumia simu yake na bando lake mwenyewe, mimi nikimsomea kibandiko. Mara ya kwanza nilisoma B badala ya 8 na tukaambiwa mashine hiyo haipo duniani. Tena angalieni kama Windows yenu ni ya biti 32 au biti 64. Kitufe cha Windows pamoja na kile cha Pause hukuonyesha. Yetu ni ya 32, na dereva wa 64 hawezi kuingia humo hata umbembeleze.

Tukamwingiza. Safari hii hakuna onyo, hakuna kulazimisha. Mashine ikajizima na kuwaka, jina likabadilika, kila kitu safi. Nikawasha NVDA mbele ya mlezi na wanachama sita waliokuja kutazama.

Jii!

Sijui kama mmewahi kutamani ardhi ipasuke. Nilifungua dirisha la sauti nikaanza kubofya huku na huku kwa hasira. Nyuma yangu alikuwa amesimama msichana wa kidato cha kwanza, mwanachama mpya, ambaye hata hasomi Kompyuta. Akasema polepole, "Samahani, lakini hapo pameandikwa spika hazijachomekwa." Nikamwambia zimechomekwa, taa yake si inawaka? Akasema, "Taa ni ya umeme. Na ukurasa ule mwingine unaonyesha kipaza sauti kimechomekwa. Sisi tuna kipaza sauti?"

Hatuna.

Alizunguka nyuma ya meza, akachungulia, akachomoa waya wa spika kutoka tundu la waridi na kuuchomeka katika tundu la kijani. Sauti ikapasuka humo chumbani kwa Kiswahili chake cha kujifunzia kwa barua, ikitaja jina la dirisha nililokuwa nimefungua. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, sikuwa na jingine la kufanya.

Rangi hizo si mapambo. Zilikubaliwa na Intel na Microsoft mwishoni mwa miaka ya 1990 ili mtu yeyote ajue pa kuchomeka: kijani ni sauti inayotoka kwenda kwa spika, waridi ni kipaza sauti, samawati ni sauti inayoingia kutoka redio au kinanda. Ijumaa ile ya usafi mtu alichomeka pasipo penyewe. Sijui ni nani. Inawezekana ni mimi, kwa maana upande huo nilipangusa mimi.

Kwa hiyo mashine yetu haikuwa na shida ya dereva hata kidogo. Shida ya dereva niliileta mimi Jumanne, kwa kubofya ndiyo. Baadaye, kwa ruhusa ya mlezi, tulimrudisha yule dereva wa jumla kwa majaribio, na spika zikaongea vile vile. Sasa hivi tumemwacha wa kampuni, lakini Kiswahili kingetosha.

Mkiniuliza leo mashine imenyamaza nianze wapi, nitasema anza na waya, kisha angalia kama sauti imezimwa kwenye kile kispika cha pembeni mwa skrini, kisha uone katika dirisha la sauti ni kifaa gani kimechaguliwa. Ikiwa pana pembetatu ya manjano, hapo ndipo dereva anapotajwa, na hapo unasoma VEN na DEV kabla ya kwenda popote na flashi diski. Ukiambiwa na mtu kwamba ana fungu la madereva wote wa duniani, mwambie asante.

Redio alirudi kitini kesho yake. Nilimweleza habari ya kijani na waridi, akacheka, akasema, "Na mimi rangi hizo zinanisaidia nini?" Alikuwa na haki. Akaomba kamba ya mkonge, akafunga fundo kwenye waya wa spika karibu na mdomo wake, kisha akapapasa nyuma ya mashine na kuhesabu matundu kwa kidole mpaka akalijua la spika ni la ngapi. Siku hizi nyaya zikichomolewa kwa usafi anazirudisha yeye.

Lakini sikumwambia habari ya Jumanne na Jumatano. Alidhani mashine iliugua yenyewe. Mitihani ikapita, Historia akapata alama ambazo si zake, na bado sikusema. Nilipomaliza kuandika makala haya nilijua kwamba atayasikia, kwa maana jarida lote huwa linasomwa na NVDA kabla ya kuchapwa, naye ndiye msikilizaji wa makosa. Nikaona afadhali ayasikie nikiwa nimekaa kando yake.

Alisikiliza tangu mwanzo, kichwa kimeinama, mkono juu ya meza. Ilipofika mahali pa kubofya ndiyo hakusema kitu. Ilipofika mahali pa daftari la Historia alibonyeza Ctrl, sauti ikakatika, akakaa kimya. Kisha akairudisha nyuma mistari kadhaa, akasikiliza tena. Katika nakala ile ya kwanza nilikuwa nimeandika kwamba kabati lilifungwa siku mbili tatu, na kwamba yeye alikosa sauti kwa siku tatu.

"Zilikuwa siku tisa," akasema. "Nilizihesabu."

Nikachukua kibodi nikayafuta maneno yale. Akaniambia niendelee, bado kulikuwa na kurasa mbili.